Sentensi Isiyo na Kosa

Inspekta Wafaa Hamdu aliisoma ile karatasi kwa mara ya nne, na kwa mara ya nne ikamkera vilevile, asijue inamkera kwa nini.

Zilikuwa kurasa kumi na moja zilizobanwa kwa pini. Juu ya ukurasa wa kwanza paliandikwa: Kumbukumbu za Mkutano, Kisiwa cha Bwejuu, Jumatatu. Mkutano wenyewe uliitwa na mradi wa hoteli ya Mwambani, uliotaka wanakijiji wakubali kuuachia ufuo wao wa kusini. Hapakuwa na katibu wa kuandika kwa mkono. Maneno yalinaswa na programu ya kompyuta iitwayo Nukuu, ambayo husikiliza watu wakizungumza na kuyageuza mazungumzo yao kuwa maandishi. Katika ukurasa wa tisa mtu alikuwa amepiga mstari mwekundu chini ya maneno haya:

MZEE SHAMTE: Boti yao tutaichoma moto, nao wataondoka hapa.

Alfajiri ya Alhamisi, siku tatu baada ya mkutano, boti ya mradi iliungua ikiwa imetia nanga mbele ya Kilindoni, mji wa kisiwa cha Mafia, ng'ambo ya Bwejuu. Mlinzi wake, Kheri, alikuwa amelala ndani. Alijitupa majini mgongo ukiwaka, na mchana wa siku ileile alisafirishwa kwa ndege kwenda hospitali Dar es Salaam. Hadi Jumamosi hii hakuwa ameweza kusema neno.

Mkuu wa kituo, Abeid, alisimama mlangoni na kikombe cha kahawa mkononi.

"Inspekta, bado unaisoma? Mzee katishia, siku tatu baadaye kitu kimeungua. Kanzu yake ina masizi, ufukweni kwake kuna makuti yaliyoungua. Tena kakiri mwenyewe. Jumatatu asubuhi nataka jalada liwe kwa mwendesha mashtaka."

"Kakiri nini hasa, Afande?"

"Soma."

Wafaa alisoma. Konstebo aliyemkamata Mzee Shamte siku ya Ijumaa alikuwa ameandika swali moja na jibu moja. Umechoma? Nimechoma chombo. Basi.

Wafaa alikuwa na miezi mitatu tu kisiwani. Babake alizaliwa Mafia katika ukoo wenye minazi yake, lakini alihamia Morogoro zamani, na Wafaa alikulia huko, mbali na bahari. Chombo, kwa alivyojua yeye, ni chombo: boti ni chombo, jahazi ni chombo. Jibu lilikuwa wazi. Lakini alishahoji watu wengi kazini, na hakuwahi kumwona mtu aliyekiri kwa maneno mawili halafu akafunga mdomo kama mlango wa ghala.

Akaenda mahabusu.

Mzee Shamte alikuwa amekaa wima kwenye sakafu ya saruji, miguu ameikunja, kofia yake iliyodariziwa ameiweka gotini. Alikuwa na miaka sabini na ushei, mikono mipana, sauti ya chini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Naitwa Wafaa. Kesi yako iko mikononi mwangu sasa. Nataka kukusikia wewe, si karatasi."

"Nilishasema jana."

"Ulisema maneno mawili."

"Niliulizwa neno moja." Mzee akaigeuza kofia yake. "Yule kijana alinishika ukosi mbele ya wakwe zangu. Akaniuliza, nikamjibu. Aliyeandika aliandika. Kasomeni."

"Mkutanoni ulitamka neno kuchoma?"

"Nililitamka."

"Ulisema utachoma nini?"

Mzee akageuza uso ukutani. "Mna mashine iliyosikia kila kitu. Iulizeni mashine. Mimi nimeshachoka kuulizwa na watoto."

Wafaa alitoka akiwa na hasira kidogo, zaidi kwa sababu ushauri ule ulikuwa mzuri. Tangu Ijumaa hakuna aliyeiuliza mashine.

*

Ofisi ya mradi ilikuwa karibu na uwanja wa ndege, nyumba ya vyumba vitatu yenye mlango mpya wa kioo. Mkurugenzi, Bwana Amour, alimpokea mwenyewe. Alikuwa mtu wa makamo, mpole wa maneno, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi likakakamaa. Aliagiza maji, akaagiza tende.

"Sisi hatutaki kumwonea mzee," alisema. "Shamte ni mtu mkubwa kule Bwejuu, ndiye aliyewashika watu wasikubali. Lakini Kheri ana watoto wanne. Leo jioni naenda kumwona. Ukihitaji gari, ukihitaji boti ya kukodi, sema."

"Nahitaji kumwona aliyeandaa kumbukumbu."

"Hafidhi. Huyu hapa."

Hafidhi, ofisa mawasiliano wa mradi, alikuwa na miaka thelathini na kitu, miwani myembamba, kompyuta ya mapajani mbele yake. Amour akawaacha wawili, mlango wa kioo ukajifunga taratibu.

"Nionyeshe jinsi Nukuu inavyofanya kazi," Wafaa alisema.

"Ni rahisi, Afande. Kuna matoleo mawili. Moja unalisakinisha kwenye kompyuta yenyewe. La pili ni la mtandaoni, unalifungua kwenye kivinjari kama unavyofungua barua pepe. Mimi natumia la mtandaoni."

"Kwa nini?"

"Halina mzigo. Halijazi kompyuta. Unaingia, unabonyeza, linasikiliza. Mkutano ukiisha unapakua maandishi, kazi imekwisha."

"Na sauti?"

"Sauti inakaa kwao saa ishirini na nne, kisha inafutwa. Ndivyo ilivyo kama hujalipia." Akatabasamu kidogo, kama mtu anayeomba radhi kwa niaba ya kampuni ya watu wengine. "Kwa hiyo sauti haipo. Maandishi tu."

"Mkutano mzima uliunasa kwa toleo la mtandaoni."

"Mzima."

"Na maandishi hukuyagusa."

"Hata herufi. Utaona yamejaa makosa. Mashine haijazoea lafudhi ya watu wa Bwejuu. Ila penye lile tishio ilisikia vizuri, nashukuru Mungu."

Wafaa aliandika yote hayo kwa mkono, polepole, akamsomea, na Hafidhi akatia sahihi bila kusita. Alipokuwa anafunga daftari, akauliza jambo la mwisho kana kwamba limemjia tu.

"Kompyuta hii nani mwingine anaitumia?"

"Mimi peke yangu. Neno la siri nalijua mimi tu. Vitu vya ofisi lazima vilindwe."

"Kweli kabisa," Wafaa alisema, akaagana naye.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, alizifungua tena zile kurasa. Maneno ya Hafidhi ndiyo yaliyomfumbua macho. Makosa. Alianza ukurasa wa kwanza na kalamu, akizungushia kila neno lililokosewa. Bwejuu iliandikwa "bwe juu". Kilindoni ilikuwa "kilindo ni". Wanawake wa mwani, wanaolima ule mmea wa baharini, walikuwa wamegeuka "wanawake wa mwana" kurasa zote kumi na moja, hadi mtu angedhani kijiji kizima kilikusanyika kujadili mtoto mmoja. Hapakuwa na mkato wala nukta mahali panapostahili. Kila msemaji, kila mstari, kalamu yake ilipata kazi.

Isipokuwa mstari mmoja. Ukurasa wa tisa, penye wino mwekundu: boti yao tutaichoma moto, mkato, nao wataondoka hapa, nukta. Hapana neno lililokatwa katikati. Mashine iliyoshindwa kuandika jina la kijiji ilikuwa imemsikia mzee wa kijiji hicho kama mtangazaji wa redio.

Akaangalia chini kabisa ya ukurasa, mahali ambapo macho ya watu hayafiki. Kwa herufi ndogo kama mayai ya sisimizi palikuwa na mstari mwingine: Nakala imesajiliwa kwa Mbaraka Simu na Kompyuta, Kilindoni.

Kwa hiyo kuna mtu mwingine aliyeigusa.

*

Duka la Mbaraka lilikuwa nyuma ya soko. Fundi mwenyewe alikuwa ameinamia simu iliyofumuliwa, na alipoona sare ya polisi, bisibisi ilimponyoka ikavingirika chini ya meza. Hakuiokota.

Wafaa aliweka karatasi mbele yake. "Jina lako liko hapa. Ulifanya nini na kumbukumbu hizi?"

"Mimi? Sijawahi kuziona, Afande."

"Zimesajiliwa kwako."

Mbaraka akajifuta uso kwa kiganja. Jasho lilikuwa jingi kuliko joto la siku ile. Wafaa alingoja. Alishajifunza kwamba kimya ni swali ambalo watu wengi hulijibu haraka kuliko mengine.

"Nitasema," Mbaraka alisema mwishowe, "lakini usinipeleke popote kabla hujanisikiliza. Ile programu nilinunua leseni moja. Moja tu, kwa jina la duka. Nimewawekea wateja wanne. Najua si halali. Watu hapa hawawezi kulipia kila mmoja."

Wafaa alimtazama. Hofu ya mtu huyu ilikuwa kubwa, lakini ilielekea upande mwingine kabisa.

"Hafidhi wa mradi ni mmoja wa hao wanne?"

"Ndiye wa mwisho. Wiki mbili zilizopita."

"Ulimwekea toleo gani?"

"La kusakinisha."

"Yeye anasema anatumia la mtandaoni."

Mbaraka alishangaa waziwazi, mshangao wa fundi anayesikia mtu kamwaga petroli kwenye injini ya dizeli. "Haiwezekani. Alikuja hapa kuniuliza ipi ni bora, tukakaa nusu saa. Nikamwambia, ndugu, inategemea unakwenda wapi. Kama mikutano yako ni ofisini Kilindoni, chukua ya mtandaoni, nyepesi, na wenzako mnaweza kuifungua pamoja. Lakini ile sauti inasafiri kwenda kwa wenye programu, maandishi ndiyo yanarudi. Mtandao ukikatika, imekuwa kipofu na kiziwi. Akaniambia anakwenda Bwejuu. Nikamwambia basi hakuna cha kuchagua, chukua ya kusakinisha. Inasikiliza na kuandika humohumo ndani ya kompyuta, hata ukiwa katikati ya bahari."

"Na huu mstari wa chini?"

"Huo unachapwa na toleo la kusakinisha tu. Linataja mwenye leseni. La mtandaoni halina hilo." Akaisogeza karatasi karibu na taa. "Hii imetoka kwenye ile niliyomwekea mimi."

"Toleo la kusakinisha linafanya nini na sauti?"

"Linaitunza. Kila mkutano una faili lake la sauti pembeni ya maandishi."

"Mtu akiifuta?"

"Inatoka kwenye orodha anayoiona. Lakini programu ina kapu lake, inakaa humo siku thelathini. Wengi hawalijui."

Wafaa alihesabu kichwani. Jumatatu hadi Jumamosi, siku tano. Akamwambia Mbaraka asitoke Kilindoni na asimpigie mtu simu.

"Na ile leseni, Afande?"

"Leo sikuja kwa ajili ya leseni."

*

Kabla ya kuigusa kompyuta alitaka kitu kimoja zaidi. Wakili yeyote angeweza kusema Hafidhi alikuwa na matoleo yote mawili, na siku ile akatumia la mtandaoni. Kwa hiyo alipanda boti ya doria pamoja na konstebo mmoja, na saa sita kasoro alishuka Bwejuu, viatu mkononi.

Mkutano ulifanyika katika darasa la shule. Wafaa alikaa kwenye dawati la mbele, akatoa simu yake, akaitazama. Hakuna mtandao. Akasogea dirishani, hakuna. Akatumia simu ya konstebo, yenye laini ya kampuni nyingine, nayo vilevile. Mwalimu aliyewafungulia alisema ukitaka kupiga simu unakwenda mpaka ncha ya ufuo, unasimama pale penye mchanga mrefu, na hata hapo si kila siku.

"Hakukuletwa kifaa chochote cha mtandao siku ile?"

"Kompyuta moja na kipaza sauti. Basi."

Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na kapu la mwani mbichi kichwani alisimama kuwasikiliza. Alikuwa Bi Sabra, mwenyekiti wa wanawake wanaolima mwani, na mkutanoni alikaa mstari wa mbele.

"Nyinyi ndio mliomchukua Shamte," alisema.

"Shikamoo, mama. Ndio sisi. Nimekuja kuuliza alisema nini."

"Marahaba, mwanangu. Leo ndiyo mnauliza?" Aliliteremsha kapu. "Haya, kaa. Yule kijana wa miwani alipofika alituonyesha mashine. Watu wakanong'ona, si unajua watu. Akatuambia tusihofu, mashine hii haihitaji mtandao, kila neno linabaki humu ndani. Shamte akamuuliza, litabaki kama nilivyolisema? Akaapa."

"Alisema haihitaji mtandao. Kwa maneno hayo?"

"Kwa maneno hayo. Tulikuwepo watu sitini."

"Na Mzee Shamte alisema atachoma boti ya mradi?"

Bi Sabra akamtazama kama mtu anayepima kina cha maji kwa mguu. "Mwanangu, umezaliwa wapi?"

"Morogoro."

"Ndiyo maana. Njoo."

Alimwongoza nyuma ya nyumba za mwisho, hadi mahali mashua moja ilipokaa juu ya mchanga ikiwa imeegemezwa kwa miti. Tumbo lake lote lilikuwa jeusi, limepakwa mafuta mazito yaliyonukia mnyama na chokaa. Chini yake mchanga ulikuwa na majivu na vipande vya makuti vilivyoungua.

"Chombo cha Shamte," Bi Sabra alisema. "Kimechomwa Jumatano. Chombo kikikaa majini wadudu wanaingia kwenye mbao, wanazitoboa mpaka kinakuwa chujio. Basi unangoja bamvua, maji yakitoka mbali, unakipitishia moto wa makuti chini, wadudu wanakufa, unapaka shahamu. Huko ndiko kuchoma chombo. Bwana Amour mkutanoni alitaka wazee waende Kilindoni Jumatano kutia sahihi. Shamte akasema, Jumatano sina nafasi, chombo changu nitakichoma. Watu wakacheka, maana alimaanisha chombo chake ni bora kuliko sahihi yao."

Wafaa aliinama akakichukua kipande cha kuti kilichoungua. Konstebo aliyesimama nyuma yake, aliyemkamata mzee siku ya Ijumaa, alikuwa anatazama mchanga.

"Ulimuuliza kama amechoma," Wafaa alimwambia bila kupandisha sauti. "Hukumuuliza nini."

"Hapana, Afande."

"Utaandika maelezo ya ziada leo. Kwa mkono wako."

Kabla hawajaondoka Bi Sabra aliongeza neno. "Na jingine. Shamte hasemi boti. Miaka yote sijamsikia. Chombo, au mashua. Boti ni neno la watu wa ofisi."

*

Hafidhi aliitwa kituoni baada ya sala ya alasiri, aje na kompyuta. Bwana Amour alimleta kwa gari lake, akakaa kwenye benchi la nje na mkoba wake mdogo wa safari. Ndege ilikuwa bado saa moja na nusu.

Ndani walikuwa wanne: Wafaa, Mkuu wa kituo, Hafidhi, na Mbaraka pembeni kama fundi. Hafidhi alipomwona Mbaraka alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Wafaa alimsomea onyo, akamwonyesha hati ya kuchukua kompyuta, akamtaka aandike neno la siri mwenyewe. Kisha Mbaraka akafungua Nukuu. Ilikuwa pale, imesakinishwa, na orodha ya mikutano sita. Mkutano wa Bwejuu ulikuwa na maandishi bila sauti.

"Nilikuambia, Afande," Hafidhi alisema. "Sauti haipo."

"Uliniambia pia hutumii toleo hili."

"Nilichanganya. Haya mambo yanafanana."

"Darasani Bwejuu hakuna mtandao. Na uliwaambia watu sitini kwamba mashine yako haiuhitaji." Wafaa akamgeukia fundi. "Fungua kapu."

Mbaraka alibonyeza mara tatu. Faili moja lilitokea, la saa moja na dakika hamsini. Akalisogeza mbele kufuata namba za dakika zilizokuwa pembeni mwa ukurasa wa tisa, akaongeza sauti.

Kwanza ulisikika upepo kwenye mabati, kisha sauti laini ya Amour ikiwataka wazee Kilindoni siku ya Jumatano. Halafu sauti ya chini, ya taratibu, ambayo Wafaa aliisikia asubuhi ileile mahabusu: "Jumatano mimi sina nafasi. Chombo changu nitakichoma, maji yatakuwa yametoka." Watu wakacheka. Hapakuwa na boti, hapakuwa na moto wa mtu yeyote, hapakuwa na kuondoka.

Mkuu wa kituo aliweka kikombe mezani. "Rudia," alisema. Wakarudia.

Hafidhi alikuwa ameanza kuzungumza kabla sauti haijakoma. "Sawa. Nilirekebisha mstari ule, sikatai. Mashine iliandika upuuzi, chombo changu nita kichoma. Nilipopata habari za moto nikakumbuka mzee alitaja kuchoma, nikadhani ndivyo alivyomaanisha. Nilitaka kuwasaidia polisi. Nilikosea."

"Ulirekebisha baada ya kupata habari za moto."

"Ndiyo."

"Siku gani?"

"Alhamisi. Alhamisi asubuhi, ofisini."

"Si kabla."

"Kabla ningerekebisha kwa sababu gani? Boti ilikuwa nzima."

"Ndilo jambo ninalotaka liandikwe vizuri," Wafaa alisema. Aliandika swali, akaandika jibu, akamsomea, akamgeuzia karatasi. Hafidhi akatia sahihi, na safari hii alionekana kupumua, kama mtu aliyelipa faini ndogo akanusurika kubwa.

Wafaa akamuashiria Mbaraka. Fundi akafungua taarifa za faili la maandishi na kuigeuza kompyuta ili kioo kimtazame Hafidhi.

"Soma, tafadhali. Imehaririwa mara ya mwisho lini?"

Hafidhi hakusoma. Mkuu wa kituo aliinama akasoma kwa niaba yake, polepole, neno baada ya neno. "Jumanne. Saa kumi na dakika arobaini na mbili jioni."

Wafaa akaiweka karatasi yenye sahihi kando ya kompyuta.

"Jumanne jioni boti ilikuwa nzima," Wafaa alisema. "Mzee Shamte hakuwa amechoma hata chombo chake mwenyewe. Kisiwa kizima hakuna aliyewaza moto. Lakini wewe ulikaa na kompyuta ambayo neno lake la siri unalijua peke yako, ukaandika kwamba boti itachomwa. Jumanne ulijuaje?"

"Saa ya kompyuta inaweza kuwa imekosea."

Mbaraka alitazama saa yake ya mkononi, akatazama pembe ya kioo. "Iko sawa, Afande. Dakika haijapishana."

Hafidhi aliivua miwani na hakuivaa tena. Bila miwani alionekana mdogo kwa miaka mitano. Alipozungumza, hakumjibu Wafaa swali alilouliza.

"Kheri hakuwa na zamu usiku ule," alisema. "Alibadilishana na mwenzake jioni, hakumwambia mtu. Niliambiwa boti itakuwa tupu. Niliambiwa ni mbao na injini tu. Wangeshtuka Bwejuu, mzee angewekwa ndani wiki mbili tatu, wangetia sahihi, yangekwisha."

"Uliiwasha wewe?"

"Hapana. Mimi ni wa maneno tu. Kazi yangu ilikuwa mstari mmoja."

"Mstari ule ulitunga mwenyewe?"

Akatikisa kichwa. "Nilisomewa kwa simu. Nikauandika kama nilivyosomewa."

"Na nani?"

Macho ya Hafidhi yalikuwa yamehamia mlangoni. Upande wa pili wa mlango benchi lilisikika likilia, kisha nyayo, kisha mtu akabisha kwa adabu, mara mbili.

"Samahani, Inspekta," sauti ya Bwana Amour ilisema, laini kama ilivyokuwa kwenye kompyuta dakika chache zilizopita. "Sitaki kuwaharakisha. Ni kwamba ndege yangu inakaribia, na nisingependa Kheri alale bila kuona mtu wa kwao. Kuna chochote ninachoweza kuwasaidia kabla sijaondoka?"

Hafidhi alikuwa ameinamisha kichwa, na machozi yalikuwa yanadondoka juu ya karatasi aliyotia sahihi. Akanyoosha kidole kimoja kuelekea mlangoni, akakiacha hapo.

Wafaa alichukua karatasi mpya ya maelezo, akaandika tarehe na saa juu yake, akaiweka mahali pasipo na machozi. Kisha akaenda akafungua mlango kwa mkono wake mwenyewe.

"Kipo," alimwambia. "Ingia, Bwana Amour. Mkoba unaweza kumwachia konstebo."